Gari Lilikuwepo

Tarehe 9 Januari

Mke mwenzangu,

Mimi mzima, ila magoti hayanisikilizi, ukiyaambia twende yanakaa. Anayeandika ni fundi cherehani kama kawaida. Mimi nasema, yeye anaandika, na mwisho ananisomea yote, kwa hiyo akichomeka neno lake nitalijua. Hapa amecheka. Fundi, andika kwamba umecheka.

Mjomba wako ameezeka upya upande wa jikoni, sasa mvua inavuja upande wa chumbani. Mama yako mdogo amerudiana na yule mume wake. Nimemwambia kama anataka kurudi arudi, lakini asinipitishie vyombo vyake hapa tena, sina nafasi. Yule kuku mweusi uliyekuwa ukimwogopa bado yuko hai na bado ni mshenzi.

Redio uliyonipa inakaa dirishani. Nawasikiliza hao waheshimiwa wako tangu chai ya asubuhi. Watu wazima wanapigiana kelele, halafu kila mmoja anaanza na "Mheshimiwa Spika" kana kwamba Spika ni kiziwi. Sasa nieleze vizuri. Watu wananiuliza mjukuu wako anafanya nini huko Bungeni, nawaambia anaandika. Wananiuliza anaandika nini, nawaambia maneno ya watu. Wanasema hiyo ndiyo kazi? Nieleze niwe na la kuwajibu.

Kingine. Nimesikia wanaleta sheria ya wakunga. Ati mkunga asiye na cheti akizalisha, kifungo. Mimi cheti sina, hata kukisoma singeweza. Ukipita sokoni, nusu ya wanaopiga kelele pale, kofi lao la kwanza duniani walilipata kwangu. Hata huyo mbunge wetu nimemtoa mimi, alikuja ametanguliza miguu, nikamwita Miguu-Mbele, na mama yake akaniita dada mpaka alipokufa.

Usiniambie kwa simu. Simu ikikatika na maneno yamekwenda. Barua nasomewa hata mara tatu.

Kula. Mara ya mwisho ulikuwa na shingo ya mtu anayechungulia.

Bibi yako

*

Tarehe 2 Februari

Bibi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia fundi amecheka. Mfikishie salamu zangu, mwambie na huku tunaandika vicheko.

Mume wangu, Mwalimu, hajambo. Amepewa darasa la watoto sabini na anarudi nyumbani hana sauti, kwa hiyo tunaishi kwa amani. Mimi pia sijambo. Chai ya ofisini siku hizi inanuka chuma, nimeiacha.

Kazi yenyewe ni hivi. Chini ya kiti cha Spika kuna meza ndogo. Tunakaa hapo wawili wawili, mgongo kwa Spika, uso kwa waheshimiwa. Kila mtu ana dakika kumi. Anayesema, nani amemdakiza, nani amesimama, unaandika kwa mkono. Zikiisha, mwenzako anakugusa bega, unainuka bila kuburuta kiti, unakwenda chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu. Huko unavaa visikilizi masikioni, unafungulia kanda ya dakika zako kumi na kuchapa neno kwa neno. Chini ya ukurasa unatia herufi mbili za jina lako, ili ikitokea shida ijulikane ni mkono wa nani.

Hatuandiki kila kitu. Mtu akisema "aaa" tunaondoa. Akirudia neno moja mara tatu kwa sababu ulimi umekwama, tunabakiza moja. Wakipiga meza tunaweka Makofi katika mabano. Wakicheka, Kicheko. Wakinyamaza hatuandiki chochote, ukimya hauna alama yake.

Mkuu wetu tunamwita Wembe. Anapita kwenye kurasa zetu na kalamu nyekundu, na hajawahi kumsifu mtu tangu niajiriwe. Sheria yake ni moja: hatuongezi, hatupunguzi, hatumpendi mtu.

Ni kweli kuhusu mswada wa wakunga. Utasomwa wiki ijayo. Kifungu cha tisa kinasema miaka miwili. Watagombana sana, kwa hiyo Bibi, ukisikiliza, usijipandishie presha. Wengi wao hawajui hata mtoto anatokea wapi.

Mke mwenzio

*

Tarehe 20 Februari

Mke mwenzangu,

Sisi wazima. Bati la jikoni limeshika, la chumbani bado. Mama yako mdogo na mumewe wananunua kitanda kipya, basi tuwaombee.

Nilisikiliza. Fundi aliacha cherehani akaja kukaa nami dirishani, na mama wa duka la vitenge akasimama nje. Siku ya kwanza walikuwa wanajua wanachosema, hasa yule daktari mwanamke, alisema vizuri, hata nilipoona ananisema mimi nilikubali. Siku ya pili akasimama Miguu-Mbele.

Aliyosema umeyasikia. Kwamba katika jimbo lake kuna mkunga aliyempoteza binti yake mwenyewe. Kwamba binti alikuwa anavuja damu, watu wakasema apelekwe hospitali, mkunga akakataa. "Gari lilikuwepo, Mheshimiwa Spika. Gari lilikuwepo mlangoni, mkunga alikataa." Jina hakulitaja. Hakuhitaji. Fundi aliinua macho, akayashusha haraka. Mama wa vitenge akakumbuka ana mteja.

Nikaizima redio.

Nimempokea yule kwa vidole hivi. Alikuja wa bluu, nikampulizia pumzi yangu mdomoni mpaka akawa mtu. Leo pumzi ile ile anasimama nayo ananisema mbele ya nchi.

Wewe unajua habari ya mama yako, nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Alikuzaa, damu ikazidi, na siku ile hakukuwa na gari. Ndivyo ilivyo. Hakukuwa na gari.

Sasa sikiliza. Wewe si ndiye unayeandika? Umesema mwenyewe mnaondoa maneno. Basi liondoe hilo. Sitaki kifungo kwa ajili ya mdomo wake, na sitaki mtoto wako siku moja afungue kitabu akute hayo. Liondoe, uweke mabano kama unataka. Weka Kicheko.

Bibi yako

*

Tarehe 8 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Tulikuwa na vikao vya asubuhi na jioni. Kwetu wote wazima, Mwalimu amepata sauti tena na sasa anaitumia. Wembe amenihamishia kiti cha karibu na mlango, nikitaka kutoka kidogo nisipite mbele za watu.

Kuhusu ulichoniomba, siwezi.

Nikueleze ilivyokuwa. Zile dakika kumi zilikuwa zangu. Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka kwake, kalamu mkononi. Alipoanza kusema sikujua anakwenda wapi. Alipofika penye binti na mama yake, nilijua. Niliandika. Mkono uliandika wenyewe, sikuinua kichwa. Nilikuwa naandika habari za siku niliyozaliwa, Bibi, na niliogopa tu nisije nikakosea pahali pa kuweka nukta. Halafu nilikwenda kile chumba cha mwisho, nikaisikiliza tena kwenye kanda mara mbili, kama inavyotakiwa, nikaichapa, nikatia herufi zangu mbili chini.

Ulizima redio mapema, ndiyo maana hukusikia yaliyofuata. Mbunge wa upande wa pili alisimama, akasema, "Kuhusu utaratibu." Akataka mwenzake athibitishe au afute kauli. Miguu-Mbele akasema shahidi wake alikuwa mama yake mzazi, aliyekuwepo, na ambaye ni marehemu. Spika akasema marehemu hawezi kuhojiwa. Akampa mpaka siku ya mwisho ya mkutano huu, tarehe 5 Mei, alete uthibitisho. Akisema hana, anafuta kauli na maneno yanaondolewa kwenye kumbukumbu. Spika akaongeza kwamba raia yeyote mwenye maelezo ya maandishi anaweza kuyapeleka ofisini kwake.

Kwa hiyo lile neno linaweza kuondoka, na linaweza kubaki. Aliyekuwepo siku ile na bado yuko hai ni mmoja.

Sijamwambia Wembe kwamba ni wewe.

Bibi, nakuuliza mara moja. Gari lilikuwepo?

Mke mwenzio

*

Tarehe 18 Machi

Mke mwenzangu,

Wazima. Mvua imeanza. Kuku mweusi ametaga chini ya kitanda changu, nimemwacha, tuzeeke wote. Fundi ana kazi ya sare za shule, hana muda mrefu leo, kwa hiyo hii ni fupi.

Umeniuliza jambo. Nimelisikia. Fundi amelisoma mara tatu, kila mara nikidhani nitajibu.

Nami nina la kukuuliza. Chai inanuka chuma. Kiti cha karibu na mlango. Unafikiri nimezeeka kichwani? Uko mwezi wa ngapi?

Bibi yako

*

Tarehe 28 Machi

Bibi, shikamoo.

Mwezi wa tano. Nilitaka upite wa nne kwanza ndiyo niseme. Mwalimu anataka niandike majina, sijaandika.

Nilipimwa. Damu yangu ni kidogo, wamenipa vidonge. Muuguzi alishika kadi na kalamu, akaniuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kupata shida wakati wa kujifungua. Nikamwambia mama yangu. Akauliza shida gani. Nikasema hakukuwa na gari. Akaniangalia, akasema, "Dada, hiyo si shida ya mwili. Mwili ulikuwa na nini?" Nina miaka ishirini na tisa na jibu langu lilikuwa gari.

Ninataka nije nijifungulie huko nyumbani. Hospitali ya huko, lakini wewe uwe karibu. Ninataka pia kujua ninayemwomba awe karibu ni nani. Sikuulizi kwa ajili ya Spika.

Mke mwenzio

*

Tarehe 10 Aprili

Mjukuu wangu,

Tumwache kuku leo.

Ulizaliwa asubuhi, jua likiwa limefika kizingitini. Ulilia vizuri. Nilikukata kitovu, nikakufunga kanga, nikakuweka pembeni. Mama yako akacheka, akauliza una vidole vingapi. Nikamwambia vyote.

Kondo la nyuma halikutoka. Nikangoja kidogo kama tunavyongoja. Halikutoka. Damu ikaanza, kwanza polepole. Aliyeshika beseni alikuwa rafiki yangu, mama yake Miguu-Mbele. Ng'ambo ya njia, mbele ya duka, gari la mwenye duka lilikuwa linapakia magunia. Injini inanguruma. Rafiki yangu akasema, "Dada, gari lile pale, tumwingize." Nikasema ngoja.

Fundi ameweka kalamu chini. Nimemwambia aiokote.

Nikueleze kwa nini. Wiki tatu kabla, nilimpeleka mama mmoja hospitali, mtoto amekaa mshazari. Muuguzi wa zamu akanitoa wodini mbele ya watu wote. Akasema mikono yangu ni ya mchawi, nikainawie kwangu. Nilitoka pale nikaapa kwamba mlango ule siupiti tena. Sasa ni mwanangu mwenyewe. Nikimpeleka, yule mwanamke atasema nimeshindwa hata na damu yangu. Hicho ndicho nilichokuwa nakifikiri, nimepiga magoti kwenye mkeka, mkono tumboni kwa mwanangu. Nilikuwa namfikiria muuguzi.

Rafiki yangu akasema mara ya pili. Nikasema ngoja, mikono yangu inajua. Mara ya tatu aliniangalia tu. Nikasikia gari linaondoka. Likabadilisha gia pale kwenye kona.

Mama yako akasema, "Mama, baridi." Nikamfunika. Jua lilikuwa kali.

Ilipofika adhuhuri tukambeba kwa kitanda, wanaume wanne. Tulipofika kwenye geti la hospitali alikuwa hasemi. Nilisimama nje ya geti. Hata siku ile sikuingia.

Rafiki yangu hakunitamkia neno juu ya siku ile mpaka anakufa. Kumbe alimwambia mwanawe. Haki yake.

Mwambie muuguzi wako: kondo lilikwama, damu ikazidi. Mwambie leo, usingoje kliniki nyingine.

Karatasi ya pili ni ya Spika. Nimesema gari lilikuwepo na nilikataa mimi. Dole gumba ni langu, fundi ametia sahihi ya shahidi. Ipeleke.

Bibi yako

*

Tarehe 6 Mei

Mke mwenzangu,

Bado narudi kukuita hivyo. Kama hutaki, sema.

Wote wazima. Sijapata barua yako, ni karibu mwezi.

Jana nilisikiliza mpaka mwisho. Miguu-Mbele akasimama, sauti yake ndogo, akasema, "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa sina uthibitisho, ninaifuta kauli yangu." Spika akasema maneno yale yaondolewe. Wakapiga meza. Wakaendelea na mambo ya barabara.

Kijana wa watu amesema kweli, amelazimishwa kuimeza mbele ya nchi.

Barua inachukua siku nane kufika huko. Fundi amehesabu, nami nimehesabu kwa vidole. Karatasi yangu ilikuwa nawe tangu Aprili ya kumi na nane. Iko wapi?

Ulingoja. Sikulaumu, nani wa kukulaumu, mimi? Nakwambia jina la kitu ili ukijue kikija tena. Kinakuja kama akili. Kinakwambia kesho.

Sheria yenyewe haijapita. Kamati yao inazunguka kuchukua maoni ya wananchi, tarehe 19 watakuwa hapa kwenye ukumbi wa halmashauri. Nitakwenda mwenyewe. Fundi ananishonea gauni, amenipima kiuno akatikisa kichwa, nimemwambia aandike na hilo.

Vidonge vya damu unavimeza? Usinijibu kwa hekima, jibu ndiyo au hapana.

Bibi yako

*

Tarehe 2 Juni

Bibi, shikamoo.

Ndiyo, navimeza. Na muuguzi nilimwambia siku ile ile barua yako ya Aprili ilipofika. Ameandika kwa wino mwekundu juu ya kadi, na amesema lazima iwe hospitali yenye damu ya kuongeza. Ya huko kwetu siku hizi inayo, nimeuliza.

Karatasi yako niliiweka kwenye droo ya visikilizi. Kila nikivuta droo naiona. Nilijiambia kesho, kama ulivyosema. Kauli ile ilikuwa na herufi zangu mbili chini yake, na nilitaka itoke kuliko hata wewe ulivyotaka. Siku Miguu-Mbele alipoifuta, zamu haikuwa yangu. Nilisikia makofi nikiwa kwenye ukumbi mrefu. Nilidhani nitapumua.

Barua yako ya Mei ilipokuja nilimpelekea Wembe karatasi, nikamwambia kila kitu. Aliisoma amesimama. Akasema nilipaswa kusema tangu mwezi wa pili, na kwamba kuanzia hapo sitakaa mezani mswada ule ukijadiliwa. Nimepewa barua ya onyo. Ninastahili. Karatasi ameifikisha kwa Spika, ingawa mkutano umekwisha.

Kanda za kamati zilipofika aliigawa kazi. Ya kwenu alimpa mwenzangu. Baadaye akaniita, akaniwekea visikilizi mbele yangu, akasema, "Huandiki. Sikiliza tu, umwambie mwenzio alipokosea kusikia." Halafu akatoka, akafunga mlango.

Nakuandikia hapa sehemu yako ili fundi akusomee.

MWENYEKITI: Mama, jina lako na kazi yako.

MKUNGA: Jina wameshaliandika mlangoni. Kazi yangu ni kuzalisha. Wewe mwenyewe kwa hicho kichwa, aliyekutoa alikuwa hodari. (Kicheko)

MWENYEKITI: Unakiunga mkono kifungu cha tisa?

MKUNGA: Cha kutufunga? Hapana. Mkitufunga tutajificha, na kina mama watajificha nasi. Andikeni kwamba mkunga atembee na mama mpaka hospitali, na mlango uwafungulie wote wawili. Mkunga akifukuzwa mlangoni leo, kesho haleti mtu. Mimi nilifukuzwa. Ila hilo lisiwe kisingizio changu. Mbunge wetu alisema gari lilikuwepo, mkamfanya afute. Gari lilikuwepo. Binti alikuwa wangu. Nilingoja.

MWENYEKITI: Ulingoja nini, mama?

MKUNGA: Nilikuwa nangoja kuwa sahihi.

Baada ya hapo, Bibi, kanda inakwenda muda mrefu bila mtu kusema. Nilihesabu sekunde ishirini na mbili. Inasikika feni, na kiti kimoja. Kwenye ukurasa haipo.

Nikwambie na jambo moja zaidi. Kwenye kanda ulisema "nilingoja" mara tatu. Mwenzangu aliziacha zote, akaniangalia ajue nionavyo. Nilimwambia aondoe mbili. Waheshimiwa wakirudia tunaondoa, sikuona haki kukufanyia wewe tofauti. Wembe akapita na kalamu yake nyekundu, hakugusa popote.

Kifungu cha tisa kimerudishwa kikaandikwe upya. Sijui watakiandikaje.

Likizo yangu inaanza tarehe 25. Naja. Mwalimu atanisindikiza, ataleta na kitabu chake cha majina. Na jina lile usiliache, mimi bado ni mke mwenzio.

*

Tarehe 14 Juni

Mke mwenzangu,

Barua yako imesomwa mara nne. Mara ya nne fundi aliomba maji.

Bati la chumbani limezibwa, utalala pakavu. Mume wa mama yako mdogo ndiye aliyepanda juu, sasa lazima niwe namwamkia. Kuku mweusi nimemwambia unakuja, hakuonyesha kujali.

Mbili ulizoondoa, umefanya vizuri. Zile hazikuwa za kamati.

Juzi nilikwenda hospitali. Nilivaa gauni la kamati. Nilifika kwenye lile geti nikasimama, magoti yakataka kukaa, nikayaambia leo hapana. Nikaingia. Miaka ishirini na tisa, na rangi ya ukuta ni ile ile, labda ya kijani kidogo zaidi. Muuguzi wa sasa ni binti mdogo, kumbe nilimzalisha mama yake. Nikamwambia mjukuu wangu anakuja, damu yake kidogo, mama yake kondo lilikwama, damu ikazidi. Akaandika yote. Akaniuliza, "Bibi, utakuwa naye ndani?" Nikamwambia mimi mikono yangu imestaafu kwa huyu mmoja. Nitakaa kwenye benchi, nje ya mlango wa wodi. Akasema hata ndani kuna kiti. Nimekwenda kukiangalia hicho kiti. Kina mguu mmoja mfupi, fundi atakikatia kipande cha mbao.

Miguu-Mbele alipita hapa Jumapili, ana mkutano wake. Alisimama mlangoni hajui aanze na nini, mtu mzima na tumbo lake. Nikamwambia ingia, miguu unayo. Alikaa. Hatukusema habari ile. Alikunywa chai, akatazama ule mkeka, akauliza unakuja lini. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono miwili, kama anavyofanya mtoto.

Mwenye duka alikwisha kufa, duka ni la mwanawe, na gari ni lake, jipya. Nilikwenda kumwona. Nimemwambia kuanzia tarehe 26 gari likae mbele ya mlango wangu, si mbele ya duka, na funguo zikae na mtu aliye macho. Akasema anaweza, siku hizo hana mzigo. Nikamwambia hata akipata mzigo. Akasema hata akipata mzigo, hataondoka.

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

Bibi yako